Maji ya Kiti cha Nyuma

Langas, Eldoret
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Natumaini goti lako limepoa kidogo na kwamba mvua ya huko Kimilili haijaozesha maharagwe. Sisi tuko wazima wa mwili, baridi tu ndiyo inatusumbua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu naanza kusema halafu sauti inakatika. Shangazi Sylvia amekubali kukuletea barua hii mkononi. Tafadhali isome ukiwa umeketi.

Unaijua kazi yangu ya kusafisha viti na mazulia ya magari hapa nyumbani. Ile mashine hurusha maji ya sabuni ndani ya kitambaa, kisha inayanyonya pamoja na uchafu hadi kwenye tangi lake. Tangu mwanao Tyson aajiriwe kuwa dereva wa Bwana Mungai wa Elgon View, amekuwa akiniletea gari la bosi kila mwezi.

Jumanne ya wiki juzi alikuja saa moja asubuhi, kabla sijawapa watoto chai. Aliingiza gari mpaka nyuma ya nyumba, akafunga geti, akatundika shuka kwenye kamba ili majirani wasione. Taa moja ya mbele ilikuwa imepasuka. Aliniambia bosi anasafiri saa sita na kiti cha nyuma lazima kiwe kimekauka. Nilipouliza kumetokea nini, alisema alimbebea rafiki yake kondoo wa kuchinjwa. Alisema hivyo akiangalia viatu vyake.

Mama, damu haioshwi kwa maji moto, kwa sababu joto huifanya ishike. Basi nikajaza maji baridi. Hakuna aliyeniambia. Mikono yangu ilikuwa imekubali kabla ya moyo kusema lolote. Nilipopitisha mdomo wa mashine kwenye kiti, maji yalipanda kwenye bomba yakiwa mekundu kabisa. Nilimwaga tangi mara nne chooni. Kwenye mshono wa kiti nikatoa kifungo cha koti, bado kina uzi wake. Kondoo havai koti. Nikakitia mfukoni, nikaendelea kusugua. Kila gari lililopita nje nililisikia kama linapunguza mwendo.

Nikamwuliza, "Tyson, ni nani?"

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisema kulikuwa na ukungu barabara ya Kesses na hakumwona mtu wa baiskeli mpaka akamgonga. Alimbeba hadi hospitali ya misheni kule Plateau, akawaambia walinzi wa lango kwamba amemwokota tu, akaondoka. "Alikuwa anapumua, sista," akasema. "Sasa usiniulize tena."

Nikamaliza kazi. Niliacha milango wazi juani, gari likakauka na kunukia vizuri. Akaenda nalo.

Kwa siku tatu, mtu akibisha mlango, nawaambia watoto wanyamaze. Niliogopa huyo mtu asije akafa. Halafu nikajikuta naogopa asije akapona na kusema, na hofu hiyo ya pili ndiyo iliyonitisha zaidi.

Ijumaa nilienda Plateau, nikajifanya mtu wa kanisa anayetembelea wagonjwa. Anaitwa Kiplimo, ni mlinzi, na mguu wake wa kulia umekatwa. Mkewe Chepngetich alinimiminia chai. Aliniambia kila asubuhi wanamwombea yule dereva mwema aliyemwokota mumewe, Mungu amlipe. Nikaweka kikombe chini.

Nilipotoka nilimpigia Tyson, nikamsihi twende kituoni pamoja. Akasema jioni hiyo anaelekea Busia, avuke mpaka aingie Uganda.

Mama, uliponipigia kunieleza Tyson ameshikwa, ulisema ni jirani mwenye kijicho aliyemchoma kwa polisi. Ulisema unafunga na kuomba mtu huyo asipate usingizi maisha yake yote. Hakuna jirani, Mama. Ni mimi. Jioni ile ile nilienda kituoni peke yangu, nikaweka kile kifungo mezani, nikaeleza yote, hata kwamba damu niliiosha mwenyewe. Niliwaambia pia kwamba ndugu yangu hakumwacha mtu barabarani, na wakaliandika hilo. Nimeambiwa nirudi Alhamisi, na huenda nami nikashtakiwa.

Nisalimie Mzee Mabonga na umsomee barua hii polepole, maana anampenda Tyson kuliko wajukuu wake wote. Nisalimie pia wamama wa kanisa. Kama nitazuiliwa, watoto watakuja kwako na Shangazi.

Kesi naiogopa, lakini maombi yako nayaogopa zaidi. Ukiendelea nayo, usiseme tena "mtu huyo". Taja jina ulilonipa.

Ni mimi binti yako,
Nanzala