Moshi Wangu na Sipre Zako

Shemeji,

Neno "mpendwa" nimeliacha makusudi. Ungeliona, ungetafuta nimeficha nini chini yake. Barua yako kutoka Lubumbashi imefika. Huulizi kama watoto wa ndugu yako wanakula. Unauliza kama sipre zako bado ziko wima, ule ukuta wa miti kati ya kiwanja chako na changu.

Nakumbuka mlivyozipanda, wewe na marehemu mume wangu, miche ya kutoka Mpala. Wewe ulishika kitabu, yeye alishika jembe. Tangu siku ile ukawa mtaalamu.

Kisha matawi yakaanza kukauka kutokea ndani, yakashika weusi kama masizi. Ukanijia asubuhi, koti lako la abakosti limefungwa hadi shingoni.

"Mama Kabwe, moshi ya samaki yako njo inaua miti yangu!"

Nikatikisa tawi juu ya shuka jeupe. Wakaanguka chawa wa kijivu, wanatembea. Nikakuonyesha sisimizi waliopanda kulamba utamu wanaouacha chawa hao, na weusi ulioota juu ya utamu huo. Nikakuambia: kata yaliyokufa, choma, mengine uoshe kwa maji ya sabuni.

"Weye muntu ya samaki ya mikebuka," ukasema, "utanifundisha miti?"

Ukamleta shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Mbele yake nikalamba tawi.

"Tamu. Moshi gani iko na sukari, shefu?"

"Tazameni!" ukapiga kelele. "Ndugu yangu alioa mbuzi!"

Shefu akacheka mpaka akasahau kutazama mti. Saa sita, kwa amri yake, tanuru langu la kukaushia samaki likavunjwa kwa nyundo. Tanuru lile ndilo lililokuwa minerval, ada ya shule, ya watoto wanne, damu yako. Muhula ule walikaa nyumbani, wakikuangalia ukiagiza chokaa ya Kabimba na kupaka mashina hadi kiunoni. Chawa wako juu, dawa iko chini: ni kumvalisha viatu mtu anayeumwa kichwa. Ukaondoka kwenda Lubumbashi, na miti uliyoipaka ikafa ikiwa safi sana.

Basi, jibu lako. Tatu ziko wima, za upande wangu. Naziosha kila juma kwa sabuni ya mawese, na si kwa ajili yako: mashimo yake aliyachimba mume wangu.

Zile nyingine nimezikata. Usidhani nimezikaushia samaki. Kuni zake zinanuka utomvu, hata mbwa angekataa mkebuka ule. Nimezichoma tu, pamoja na chawa wake. Zilitoa moshi mweusi, mzito, uleule ambao wewe ulimweleza shefu. Nilisimama nikautazama mpaka ukaisha.

Tanuru jipya nimelijenga palepale zilipokuwa, ndani kidogo ya kiwanja chako. Watoto wamerudi shuleni. Shefu hupita Jumamosi kununua samaki, na hacheki tena.

Ukija, usisahau kile kitabu chako cha miti. Moto wa asubuhi unahitaji karatasi.

Ni mimi, mke wa ndugu yako,
yule mbuzi.