Ua-asali la Domitila

Jumatatu, 12 Februari
Nimemwogesha Domitila, nimemketisha barazani, nimemwagilia ua-asali. Uji amekunywa vijiko vichache tu. Mmea huo umetambaa ukuta mzima, kijani kibichi, bila ua hata moja. Kabla ya kiharusi chake ulikuwa ukichanua mpaka wapita njia wanasimama kunusa. Yeye ndiye aliyeutunza. Mimi nilipita tu na gazeti langu. Sasa mke wangu hasemi. Anautazama ukuta ule mchana kutwa, kisha anageuza uso.

Alhamisi, 22 Februari
Samadi ya ng'ombe imefika kutoka Mudende. Gunia zima nimelimwaga shinani. Kama ni njaa, na ushibe.

Jumanne, 12 Machi
Majani, majani, majani. Mapana kama masikio. Ua hakuna.
Amekataa mazoezi tena. Mtaalamu wa viungo aliniita kando: mwili unaweza, mgonjwa ndiye hataki. Nimekwenda nyuma ya jiko nikalia. Nimejipa imani kwamba maua yakitoka, naye atataka. Najua ni upuuzi. Sina kingine cha kushika.

Jumatano, 20 Machi
Jirani yetu Mama Furaha alipita akitoka mpakani, Petite Barrière, beseni tupu kichwani. Akasimama kuutazama ukuta.
"Baba Keza, hii mbolea iko mingi sana! Unalisha majani tu. Na ile vidudu, we hauione?"
Sikuwa nimeviona. Vidukari weusi wamejaa kwenye ncha changa, sisimizi wanapanda na kushuka.
"Kata ile ncha yote," akasema. "Itatoka mupya."
Nimekata zote. Domitila aliguna muda wote nikikata. Nikadhani ni maumivu, nikampa dawa.

Jumamosi, 23 Machi
Leo nilikusanya yale niliyoyakata ili niyachome. Kati ya majani, vitumba vya maua. Vidogo, virefu kama punje za mchele, vimenyauka. Vilikuwapo. Maji ya sabuni yangetosha kuwaondoa wale wadudu. Mimi nimevimaliza kwa mkasi, mwenyewe akiwa ameketi hapo anaona. Kuguna kule hakukuwa maumivu ya mwili.
Mama Furaha amesikitika sana. Simlaumu. Alitaka kusaidia.
Nimejichukia leo.

Ijumaa, 26 Aprili
Mvua kila siku. Majani yana ukungu mweupe kama unga. Domitila ametema chakula, mara ya kwanza kutema. Nilifuta kifua chake, nikainuka, nikachukua panga. Nikasema kwa sauti, mbele yake, kwamba mmea huu unatuua wote wawili, naung'oa. Niliinua mkono.
"Acha!"
Panga liliniponyoka. Sauti nzito, yenye mikwaruzo, lakini yake. Tangu alipoanguka sijaisikia. Nilipiga magoti nikamshika miguu, nikamsihi aseme tena. Hakusema. Alikuwa na hasira, macho makali. Mkono wake usiopooza ukainuka. Haukuonyesha mmea, ulionyesha juu. Niligeuka kutazama: mparachichi. Mwaka huu umetanda mpaka juu ya ukuta. Jua halifiki kabisa.
Mpumbavu mimi. Nimeukwea na panga lile lile. Nimekata matawi, yeye akinielekeza kwa kidole: lile, siyo lile.

Jumatatu, 27 Mei
Jua linapiga ukutani tangu asubuhi. Majani yenye ukungu nimeyachuma. Samadi nimeipiga marufuku. Shinani nimetandaza nyasi kavu, mizizi ipate ubaridi. Vidukari nawaosha kwa maji ya sabuni. Ncha siigusi.
Na bado hakuna kitu. Neno la pili nalo halijatoka. Mazoezi anafanya, shingo upande. Kuna asubuhi nafungua mlango nimefumba macho. Nikiyafumbua, kijani kitupu. Nimechoka kutumaini. Nilikuwa sijui kwamba kutumaini kunachosha kuliko kuuguza.

Jumapili, 16 Juni
Kiangazi kimeanza, upepo wa ziwani umejaa vumbi. Jioni, nikiingiza kiti chake, harufu ikanikuta. Nililitafuta mpaka nikaliona, juu kabisa upande wa jua: ua jeupe, pembeni yake vitumba vingine. Nilileta ngazi, nikalichuma, nikampelekea puani.
Alilinusa. Akafumba macho. Nilingoja nikiwa nimezuia pumzi. Nilitaka alie, acheke, aniite jina. Hakufanya lolote. Baadaye akausukuma mkono wangu taratibu, kama mtu aliyetosheka.
Basi. Nikapakua maharage na viazi, nikaanza kumlisha. Kijiko cha kwanza alikitafuna polepole, akakunja uso.
"Chumvi," akasema.
Nimeleta chumvi. Amekula sahani yote.