Wawili Waliopumzika

2 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Mkeo je, na tumbo lake? Mimi mzima, ila goti, ambalo siku hizi linajua habari za mvua kabla ya redio.

Upepo umeezua banda la ng'ombe. Usishtuke, hakuna aliyeumia. Lakini mvua kubwa ikilikuta wazi, itabidi niuze ng'ombe mmoja, na moyo wangu hautaki kuchagua. Serikali imetangaza ruzuku kwa sisi wafugaji wa maziwa: afisa mifugo atapita, na kila ng'ombe atakayemkuta anakamuliwa atalipiwa. Ninao watatu, lakini Kidoti na Mama Mkwe nimeshawaachisha kukamuliwa, maana wamebakiza miezi miwili wazae. Kwa hiyo kwa hesabu ya serikali nina mmoja.

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Goti nalipa pole. Huku tunaendelea vizuri. Tumbo la mke wangu linatangulia mlangoni, yeye anafuata, lakini bado anasimama kutwa kiwandani na kubeba trei za mikate. Ni mwanamke wa shoka.

Sasa nisikilize. Rudia kuwakamua hao wawili, hata kikombe kimoja mbele ya afisa. Wataandikwa watatu, utapata bati la banda zima. Najua majirani wote watafanya hivyo. Wenzako wanatafuta riziki, wewe unawapa ng'ombe likizo.

Mdogo wako

17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilinichekesha, kisha ikaniudhi, kisha nikaenda kukata majani.

Afisa alikuja jana. Kweli majirani walikamua wote, hata wenye mimba kubwa. Aliponiuliza kuhusu wangu wawili nikasema wamepumzika. Ni mtu mwenye huruma, akaniambia nijaribu hata matone, yeye ataandika. Nikamjibu, "Huyu sasa hivi anajenga ndama. Nikimkamua, namwibia aliye tumboni." Akaandika mmoja.

Usisahau mama zao ndio waliokusomesha wewe. Kila mwaka niliwapa miezi yao miwili, na hukukosa karo hata muhula mmoja.

Bati litatosha nusu ya banda. Nitaezeka upande wa wajawazito. Huyu mwingine atalowa kidogo, ana nguvu zake.

Na mkeo anatafuta nini kiwandani na tumbo hilo?

Dada yako

30 Machi

Dada,

Shikamoo, na nyingine juu yake. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilileta kesi nyumbani.

Niliisoma kwa sauti, nikidhani mke wangu atacheka pamoja nami. Alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Imevimba, viatu havimwingii, na mimi sikuwa nimeona. Akaniomba nirudie pale pa aliye tumboni. Nikarudia. Akasema, "Wifi hajasubiri ng'ombe wake waseme wamechoka. Wewe umewahi hata kuniuliza?"

Sijawahi, dada. Nilikuona mkaidi, unaacha pesa za bure zipite. Sasa nakuona mkubwa kuliko nilivyokuwa nikikujua, na nimekujua maisha yangu yote.

Ameomba ruhusa kazini. Jumamosi anakuja kwako, akae mpaka ajifungue. Nilimwonya kwamba dada ameezeka nusu tu. Akanijibu kwamba yeye yumo kwenye nusu hiyo.

Mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yangu amefika salama, anakula, na uvimbe umeanza kushuka. Siku ya kwanza alishika ndoo, nikamnyang'anya. Siku ya pili akashika fagio, nikalificha. Sasa ametulia.

Mvua imeanza kwa nguvu. Sijauza ng'ombe. Leo mchana nilimtafuta mkeo chumbani sikumwona, nikaenda bandani mbio, na goti langu hili. Nikamkuta ameketi kwenye majani makavu, ameegemea ubavu wa Kidoti, wote wawili wamesinzia na bati linalia juu yao.

Sikuwaamsha. Na wewe usije kumchukua mpaka nikuite.

Dada yako