Kiti cha Kivulini

Sitaha ya saba, upande wa nyuma,
Baharini.
Jumanne, baada ya chai ya jioni.

Mpendwa Wifi,

Hujambo? Watoto hawajambo? Na ule mguu wako uliokuwa ukivimba, umepungua? Nauliza kwa adabu tu. Mimi ni mzima, nakula, nalala, hata mashavu yamejaa, na natumaini habari hiyo itakukera.

Tangu tumzike kaka yangu hatujasemezana ila kwa kupitia watoto. Sijasahau ulivyosimama kwenye mlango wa wodi ukaniambia amechoka, nirudi kesho. Kesho yake nilimkuta amefunikwa shuka. Jambo hilo limenikaa kooni mpaka leo, na maji yote haya ya bahari hayatalishusha.

Sijasahau pia ulivyonirushia tiketi msiba ulipokwisha. "Nenda wewe, si ndiye uliyempenda kuliko sisi sote." Safari aliyoipanga mwaka mzima kwa ajili yenu wawili! Ulidhani nitakataa. Nikafunga sanduku siku ileile ili nikukomoe.

Basi leo meli haitii nanga popote. Tangu asubuhi kipaza sauti kinatuamuru tupumzike. Watu wamejipaka mafuta na kujilaza kama samaki wa kukaangwa, na jirani yangu, fundi saa mstaafu, anakoroma huku kofia imemwangukia puani. Mimi kupumzika sikuwezi. Nimekaa nakusengenya moyoni.

Hata hivyo hawaniachi nikusengenye kwa raha. Nilitaka kukaa juani, mhudumu wa sitaha, baba mzima mwenye kitambi, akanivuta kivulini. Nikamwuliza kulikoni.

"Mzee wako alitupigia simu, mama. Alisema jua likikupiga, kichwa kinakuuma siku mbili."

Kumbe ananidhania mimi ndiye wewe. Sikumsahihisha. Chai ikaja ya tangawizi, haina sukari hata chembe. Mimi, ambaye kaka yangu alinijua tangu tukigombania bakuli la sukari jikoni kwa mama! Nikageuza kiti nitazame mbele, yule baba akaja akakirudisha. Eti nikitazama mbele nitatapika, mzee alisisitiza.

Baada ya chakula cha mchana akaniuliza, "Naye mwenyewe yuko wapi? Maana alituambia ukisinzia tusikuguse, atakuamsha yeye."

Nikamwambia alichelewa meli.

Nililia, Wifi. Nililia kwa hasira, kwa sababu siku nzima nimehudumiwa kwa mapenzi yasiyo yangu. Miaka yote nimewaambia watu kwamba ulimshika kaka yangu mateka, hana kauli nyumbani kwake. Na yeye huku anapiga simu kukuulizia kivuli.

Nimefikiria kunyamaza. Usingejua kamwe, na kwa ule mlango wa wodi ingekuwa adhabu inayokustahili. Ila mambo haya alikuwekea wewe, nami sina tabia ya kuchukua cha mtu.

Kwa hiyo tukishuka nitakuja kwako moja kwa moja. Sijakusamehe, na usiandae kitu. Utanifungulia, nitakaa, nitakusimulia yote aliyokuagizia, moja baada ya jingine. Nikimaliza, nawe utanisimulia ule usiku wake wa mwisho, alisema nini na alimtaja nani. Huo ulikuwa wangu pia, nawe umekaa nao peke yako.

Nisalimie kitindamimba, na yule mkubwa mwambie aache kung'ata kucha. Mama mkubwa msalimie kwa sauti ya juu, ukisema taratibu atadhani unaomba kitu. Mungu akulinde mpaka nifike. Nikifika tutajuana wenyewe.

Ni mimi, wifi yako.
Akupendaye alikuwa yeye.