Manjano Kwenye Samli

Jumatatu, 3 Machi
Mlio wa goti la mama bado umo masikioni mwangu. Aliinuka jikoni, likalia kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Hakulalamika. Nikamkorogea manjano kwenye samli ya moto, pamoja na pilipili manga, kama ninavyofanya tangu mwezi uliopita. Bila mafuta, kurkumini, kiini cha dawa kilichomo kwenye manjano, hupita tumboni bure. Utafiti wangu wa chuo ulihusu hiyo kurkumini. Hapa kijijini Itiryo sina wa kuzungumza naye habari hizo.

Jumatano, 5 Machi
Goti la mama limepata nafuu. Huenda ni manjano, huenda ni baridi kupungua. Nimefurahi kupita kiasi. Shangazi Robi alipita tena kama kawaida yake, akacheka: "Kumbe miaka yote ile ulikuwa unasomea mchuzi!" Akaondoka na kopo langu zima la unga wa manjano.

Ijumaa, 7 Machi
Mama ameanguka zizini akikamua. Zahanati wamempima: presha imepanda vibaya. Nesi akauliza kuhusu vidonge vyake vya presha. Mama akakiri kwamba aliviacha siku nyingi. Shangazi alimwambia dawa mbili hugombana mwilini, achague moja.
Alichagua ya binti yake.
Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi
Mbaya zaidi. Shangazi amewagawia unga akina mama wa kanisani, kwa maneno yaleyale. Mama Chacha ana kisukari. Naye ameacha vidonge. Nilimsihi shangazi akaseme ukweli. "Uniumbue mbele ya wenzangu? Mtoto niliyembeba mgongoni!" Kweli alinibeba. Ndiye ndugu pekee anayetutembelea.

Jumatatu, 10 Machi
Presha imeshuka. Mama amekaa kivulini anapukuchua mahindi. Amemeza kidonge bila kuambiwa. Manjano bado anakunywa. Nesi hakukataza, mradi vidonge visiachwe.
Tangu asubuhi hakuna mtu aliyeingia uani kwetu.
Jana baada ya ibada nilisimama. Nilisema manjano huenda yakatuliza maumivu ya viungo, lakini hayachukui nafasi ya dawa ya presha wala ya sukari, na aliyeacha vidonge avirudie leo. Shangazi alitoka. Mlangoni nilimpa shikamoo, hakuitikia.
Mama Chacha hakungoja hata nimalize. Alijifunga kanga vizuri, akasema kwa sauti kwamba anakwenda kutafuta vidonge vyake.