Mizizi ya Nansio

Butimba, Mwanza
Jumapili jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti kabla ya kuiandika, na mzee wa chumba cha pili ameitikia "marahaba" kupitia ukutani. Basi umeshapata msaidizi huku. Goti lako linasemaje na baridi hii? Na mwanangu Tatu, bado anaukimbia mchicha au umeshamshinda? Mimi ni mzima, ila jua la ziwani limeniunguza mpaka ukiniona utauliza huyu ni nani.

Najua unachosubiri kusikia. Tuliagana pale stesheni ya Kilosa kwamba miezi mitatu ya majaribio ikiisha wasiponiajiri, nirudi nyumbani. Wakiniajiri, Tatu anifuate shule zikifunguliwa Januari. Nitakuambia, lakini acha nianze na aibu yangu, maana bila hiyo hutaelewa.

Unakumbuka nilivyokaa miaka minne bila kazi baada ya kinu cha pamba kuuzwa na sisi kupunguzwa. Nilikuja huku nikidhani mikono yangu imesahau kazi. Kumbe haikusahau, na ndiyo iliyoniponza.

Mradi wetu unachunguza magugu maji, haya majani yenye maua ya zambarau yaliyoziba ufuko wa ziwa mpaka mitumbwi inakwama. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nayapima uzito tu. Mwezi wa pili nikatumwa peke yangu Nansio, kule kisiwani Ukerewe, nikalete mizizi. Mama, nilichapa kazi! Niliiosha mmoja mmoja, nikatoa konokono, nikatoa vijidudu na kila takataka, kama nilivyokuwa nikichambua majani makavu kwenye pamba ili ipate daraja la safi isije ikaandikwa fifi, lile daraja la chini. Kwenye meli ya kurudi nilikuwa najipongeza.

Pale maabara anayepokea ni Mama Milembe, Msukuma wa Buswelu. Hana digrii, lakini hata wataalamu wenye digrii humuuliza yeye kwanza. Akafungua mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akavua miwani.

"Mayu," akaniita kwa Kisukuma, yaani mama, "wadudu wako wapi?"

"Nimewatoa wote, mama. Hamna hata mmoja!"

Akakaa kwenye stuli, akacheka mpaka akashika mbavu. Na mimi nikacheka kumsindikiza, wala sijui tunacheka nini. Ndipo akanieleza. Hao wadudu na konokono ndio niliotumwa kuwaleta! Mradi unataka kujua ni viumbe gani wanaishi chini ya magugu, na mimi nimewamwaga wote ziwani.

Taarifa ilitakiwa Ijumaa. Mwenzetu mmoja akaninong'oneza nijaze tu hesabu za mwalo wa wavuvi wa hapa Mwanza, ziwa si ni lile lile, nani ataenda Nansio kukagua? Sikufichi mama, nilishika kalamu. Nilikuwa namwaza Tatu. Nikisema kweli, huenda kesho yake nafunga mizigo.

Mama Milembe akaichukua karatasi mbele yangu, wala hakunigombeza.

"Hatujawaona. Tutawaandikaje?"

Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa mradi, mimi nyuma yake. Nikaungama. Kabla mkuu hajafungua mdomo, yeye akasema, "Nusu ya kosa ni langu mimi. Nilimtuma bila kumwambia tunatafuta nini. Tupe siku tatu, twende wote." Mama, mtu amebakiza miaka miwili astaafu, jina lake halina doa, anajipaka tope kwa ajili ya mgeni wa miezi miwili! Mimi sijawahi kuona.

Tukaenda. Akaingia majini na kanga yake mpaka kiunoni, na mgongo unamuuma. Akanionyesha: ndoo itangulie chini ya mizizi, kisha unanyanyua taratibu, kama unavyomhamisha mtoto aliyesinzia. Tukachekecha, tukahesabu, tukaandika. Kwenye ndoo ya sita tukaona visamaki vidogo kama kucha vinachezacheza. Furu! Samaki ambao Mama Milembe amewala tangu utoto wake, na ambao wavuvi wa huku wanakuambia sangara amewamaliza. Aliinama juu ya ile ndoo.

"Kumbe mpo," akawaambia. "Mmejificha huku?"

Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii, mama, kuipenda kweli. Natamani nizeeke kama yeye.

Taarifa ilichelewa na mkuu akanuna wiki nzima. Juzi akaniita, akasema Mama Milembe amemwambia kuwa hesabu zangu anazitia saini bila kuzirudia. Akanikabidhi barua. Wameniajiri, mama.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, na shangazi wa pale sokoni, mwambie kanga yake inakuja. Wifi mpe hongera ya mtoto, na mwalimu wa kwaya mwambie sauti ya pili huku ninaimba mimi.

Sasa lile neno ambalo nimelizunguka kurasa zote hizi. Tatu analala kitandani kwako tangu babu yake afariki. Mwaka ule niliopunguzwa kazi, nilipokuwa sitaki hata kuamka, wewe ndiye uliyemwogesha, ukampeleka shule, na hukuniuliza kitu. Leo habari yangu njema ndiyo inayokuja kukuachia nyumba tupu. Tuliahidiana, najua, lakini si haki mimi nifurahi peke yangu. Basi usimwambie leo. Ikunje barua hii uiweke, ukae naye kwanza, mpaka siku utakayoweza kumwambia bila kulia. Hata ikipita Januari, nitangoja.

Ni mimi mwanao,
Mwajuma