Nyumba Nzima Imepona Nyonga, Nimebaki Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako haraka kwa sababu Jumatatu ijayo napelekwa kupigwa picha tena na huenda nikapasuliwa upya, na mimi naamini kabisa nyonga niliyowekewa ni mbovu, ushahidi ninao.

Mimi ni msimamizi wa ujenzi mstaafu, miaka thelathini na minane kazini, na wiki saba zilizopita nilibadilishiwa nyonga ya kulia, nikarudi nyumbani na fremu ya kutembelea pamoja na karatasi kutoka kwa dada wa mazoezi ya viungo: kuinua mguu pembeni mara kumi, kukaza paja mara ishirini, kutembea na fremu hadi getini na kurudi, asubuhi na jioni. Karatasi ile niliipokea kama ninavyopokea ramani yoyote ya kazi, nikatafuta daftari, nikachora mistari, nikagawa majukumu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye yupo kwetu "kwa muda" mwaka wa nne sasa, nikampa kutembea getini. Mke wangu nikampa kukaza paja kwa kuwa anashinda kwenye cherehani. Mama mkwe, ambaye ana miaka sabini na tisa na alikuwa anatembelea mkongojo, aliomba mwenyewe asiachwe nje, nikampa kuinua mguu pembeni huku ameshika meza. Mimi nakaa kwenye kiti kirefu nilichoagizwa na hospitali, filimbi mdomoni, nahesabu, na anayezembea simwandikii.

Mshauri, sikudanganyi, hakuna siku iliyorukwa. Shemeji tumbo limekwisha na juzi ameanza kutafuta kazi, jambo lililoshinda maombi ya miaka mitatu. Mke wangu anapanda ngazi mbilimbili. Mama mkwe ameutupa mkongojo nyuma ya mlango wa jikoni, na Jumapili nimemwona kwa macho yangu akiruka dimbwi. Ni mimi tu ambaye mguu unazidi kuwa kama si wangu, nikisimama unatetemeka, na dada wa mazoezi kila nikimpelekea daftari anasema, "Hongera mzee, rekodi nzuri hivi sijawahi kuona," halafu akinishika paja anakunja uso. Wiki iliyopita akaniuliza, "Mzee wangu, haya yote kweli unayafanya?" Nikamjibu, "Nasimamia mwenyewe, kila siku," akasema basi kuna kitu hakikukaa sawa humo ndani, turudi kwenye picha.

Mke wangu anataka nikwambie pia kwamba siku ya pili hospitalini niliposimamishwa nilianguka, jambo ambalo silioni linahusu nini hapa, ila nilianguka, mbele ya wodi nzima, nikang'ang'ania aproni ya muuguzi nikaita "Mama!", mimi, niliyekuwa natembea juu ya jukwaa ghorofa ya sita bila kushika kitu. Je, nidai nyonga nyingine?

Msimamizi Mstaafu

*

Msimamizi, pole kwa kisu na pole kwa kuanguka. Pole zimeishia hapo.

Nyonga yako haina kosa, maskini, haijapewa kazi hata siku moja! Ukuta haujali nani kabeba tofali, lakini paja lako halikazwi na mtu mwingine. Umemtuma shemeji ale kwa niaba yako, sasa unalalamika njaa. Na dada wa watu unampoteza njia, mpaka anawaza kukurudisha kwenye kisu kwa sababu ya mistari ya daftari lako. Mficha uchi hazai, baba.

Hilo ulilolipenyeza mwishoni ndilo barua yenyewe. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wewe tangu siku ile unaiogopa sakafu. Wala si aibu. Kumwita mama unapoanguka ni jambo la kila binadamu, na wodi ile kila mmoja alikuwa anaugulia lake. Jukwaa la ghorofa ya sita uliliamini kwa sababu ulilikagua kabla ya kulikanyaga. Mguu huu hujaukagua bado.

Sasa nisikilize. Leo, si Jumatatu, mpigie simu dada wa mazoezi umwambie ukweli wote, filimbi ikiwemo. Yeye ndiye atakayekwambia uanzie wapi, usije ukajitupa kwenye mara ishirini kwa hasira, na akisema picha bado ipigwe, ipigwe. Shemeji atembee nyuma yako hadi getini, mikono tayari. Daftari na filimbi mkabidhi mama mkwe. Najua, mkwe ni mkwe, utaona haya kuinua mguu mbele yake akikuhesabia. Wewe uliyempulizia filimbi bibi wa miaka sabini na tisa, haya hizo umezitoa wapi leo?

Mwanzoni utatetemeka na utaogopa. Tetemeka huku unahesabiwa. Na siku dada atakapokuruhusu kuiacha fremu, usihangaike kununua mkongojo. Upo mmoja nyuma ya mlango wa jikoni, mwenyewe hauhitaji tena. Nenda ukamwombe kwa adabu, kwa miguu yako.